Fundi na Mtambo wa Kuchora: Nani Atie Sahihi?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa wafanyi kazi, Kilifi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Twajua yupo mtu hapa anayejiuliza moyoni: watu wa reli wana habari gani na leso na nakshi? Kazi yao ni chuma na mafuta. Swali hilo ni la haki, na jibu lake si refu. Mshahara wa reli haufiki mwisho wa mwezi. Chungu cha nyumbani kwetu kimekaa juu ya mafiga matatu. Figa moja ni kazi ya reli. La pili ni cherehani ya mama. La tatu ni kijana anayechora vibao vya maduka na kupaka rangi tuktuk, au shemeji anayechonga vinyago kule Malindi. Figa moja likiondoka, chungu chamwagika, na sote twalala na njaa. Kwa hiyo likitokea jambo la kumgusa mchoraji na mchongaji, limekwisha ingia nyumbani mwetu.

Tena sisi tumeishi na mitambo miaka mingi, na mambo yake tunayajua kidogo. Shule yetu ilikuwa ya msingi tu, ya misheni, lakini mtambo hauhitaji digrii ili mtu auelewe. Unahitaji kutazamwa vizuri, na kuulizwa: wewe ni wa nani, na umekuja kufanya kazi ya nani?

MTAMBO WENYEWE NI NINI

Mwaka 2022 iliingia duniani mitambo ya namna mpya. Unauandikia maneno, nao wakupa picha. DALL-E 2 ilitokea mwezi wa Aprili, Midjourney mwezi wa Julai, na Stable Diffusion mwezi wa Agosti. Waandika hivi: “Nichoree leso yenye korosho na mawimbi, rangi nyekundu na nyeusi.” Kabla chai haijapoa, una picha nne mbele yako. Kazi hii huitwa akili bandia, na wengine huiita akili mnemba. Siku hizi imo hata katika simu ya mkononi, na kijana wa Watamu au Gongoni aweza kuitumia bila kuondoka barazani kwao.

Mtambo huu haukuzaliwa na ujuzi. Ulifundishwa kwa picha zilizokusanywa katika intaneti, kila picha pamoja na maneno yake. Mkusanyo mmoja mashuhuri, LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una anwani za picha zipatazo bilioni 5.85. Na mafundisho yenyewe ni hivi. Huchukuliwa picha, ikanyunyiziwa vumbi kidogo kidogo mpaka isionekane tena. Kisha mtambo hufundishwa kupangusa lile vumbi, hatua kwa hatua, mpaka picha irudi. Ukisha kufanya hivyo mara nyingi mno, hupewa vumbi tupu, lisilo na picha ndani yake, ukaambiwa: pangusa mpaka itokee korosho. Nao hupangusa, na korosho ikatokea, ijapokuwa haikuwamo. Hapana uchawi hapo. Ni hesabu nyingi zinazokwenda upesi.

Lakini shikeni neno moja. Kila unachokijua mtambo huo ulikipata katika kazi ya watu. Yupo aliyechora, yupo aliyechonga, yupo aliyeshona, na yupo aliyepiga picha. Walio wengi hawakuulizwa, wala hawakulipwa senti.

KILIFI TUNALIJUA JAMBO HILI

Ndugu zetu, jambo la kuchukuliwa mali ghafi na kurudishiwa mali iliyopikwa kwa bei kubwa si geni hapa kwetu. Mwaona mikorosho. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipoanguka katika miaka ya 1990, mkulima alibaki kuuza korosho ghafi kwa bei ya mnunuzi, na faida ya kuibangua na kuikaanga ikaenda kwa wengine. Mwaka 2009 Serikali ikapiga marufuku kupeleka ng'ambo korosho ghafi. Basi picha ya kazi yako ni korosho ghafi. Yaondoka hapa bure, yapikwa ng'ambo, kisha yarudi kwako ndani ya programu ambayo huenda ukaambiwa uilipie kila mwezi.

Tena kuna jambo zito kuliko korosho. Mwajua kigango ni nini. Ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa nakshi za pembe tatu, ikasimamishwa kwa ukumbusho wa mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Mila yasema kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Lakini miaka ile ya utalii vingi viliondolewa usiku, vikauzwa, vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mzee Kalume Mwakiru aliwasimamishia ndugu zake vigango viwili. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee huyo pamoja na vigango vyake. Aliporudi kumletea picha, akaambiwa vigango vimekwisha ibwa. Baada ya miaka mingi vikaonekana Marekani, kimoja katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na kingine Illinois. Jamaa zake walirudishiwa mwaka 2007. Mwaka 2022 jumba la makumbusho la Illinois lilirudisha Kenya vigango vingine 37.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu wa Kilifi asiambiwe kwamba kuchukua sanaa ya watu bila idhini ni jambo dogo, eti kwa kuwa picha haina uzito. Ya pili ni ya faida. Mlisikia kitu gani kilichothibitisha kwamba vigango vile ni vya Mzee Mwakiru? Ni picha iliyojulikana ilipigwa wapi na mwaka gani. Picha ile ikawa shahidi. Tutarudi kwa shahidi huyo mbele.

LESO INA NENO GANI LA KUTUFUNDISHA

Sasa tuseme habari ya kushirikiana, maana wako wanaosema fundi na mtambo hawawezi kukaa chumba kimoja. Twaona hilo si kweli, na ushahidi wetu ni leso mliyojifunga.

Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono ambavyo havijakatwa, sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu na kuviunga, vikawa nguo moja. Neno leso lenyewe asili yake ni Kireno. Baadaye wafanya biashara wakaona mapenzi ya wanawake, wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lilianza mwaka 1887, na leso zake ndizo zenye maneno “Mali ya Abdulla”. Leso zetu zimepigwa chapa Uingereza, Uholanzi, Japani na India, na baadaye katika viwanda vya Afrika Mashariki pia. Kwa hiyo tangu zamani leso ni kazi ya mtu na mtambo: mtu wa hapa akijua kinachopendwa, na mtambo wa mbali ukipiga chapa. Haikupungua uzuri kwa sababu hiyo.

Lakini tazameni pindoni. Jina la mfanya biashara limo. Jina la mchoraji twalitafuta, hatulioni. Ushirika ulikuwapo, na mmoja wa washirika akapotea. Hilo ndilo la kuangalia leo, maana mtambo wa sasa wapiga hatua moja zaidi. Ule wa zamani ulimpigia chapa mchoraji. Huu wachora wenyewe.

Je, wachora leso? Wachora nusu yake. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo mtambo utakupa, na mji utakupa, tena wa kupendeza. Herufi za jina mwaka 2022 ulikuwa ukiziharibu ovyo. Siku hizi waandika vizuri zaidi. Lakini kuandika herufi sawasawa ni jambo moja, na kujua neno la kusema ni jambo jingine. Jina la leso lina mtu wa kuambiwa. Mama akimpa mkaza mwanawe leso, au jirani akijifunga leso akapita mbele ya mlango wa jirani mwenziwe, kila mtu mtaani anajua nani kasema na nani kasemwa. Mtambo hauna jirani. Hauna wifi. Haujapata kwenda kuazima chumvi ukanyimwa. Utatunga methali elfu kwa siku, lakini ni mtu ajuaye ile iliyo nzito, kwa nani, na katika arusi gani.

KAZI YA PAMOJA INAVYOKWENDA

Tuchukue mfano. Kikundi cha akina mama kinataka leso zake chenyewe kwa ajili ya sherehe. Mchoraji anakwenda kwao, anakaa, anauliza. Wanapenda rangi gani? Nani atazivaa, wazee au vijana? Wamekutana kwa kazi gani, kilimo au kuweka akiba? Maneno hayo yote hayamo katika intaneti. Yamo vinywani mwa wale mama.

Akirudi kwake anaandika maagizo katika simu, na kwa saa moja anapata michoro ishirini. Hapo mtambo umemsaidia kweli, maana kwa penseli asingepata mitatu. Lakini sasa ndipo kazi inapoanza. Huu pindo lake halikutani pembeni. Huu korosho zake zina mikia miwili. Huu mji wake umekwenda upande. Huu mzuri, lakini una rangi mamia, na kitambaa hakipigwi chapa hivyo: kila rangi yataka kiolezo chake, na kila kiolezo kina gharama. Basi mchoraji anachagua mmoja, anaupunguza uwe rangi tatu au nne, analichora pindo upya liungane pande zote nne, anautia mji katikati, kisha anarudi kwa akina mama kutafuta jina. Wanabishana, wanacheka, jina linapatikana.

Mchongaji wa Malindi naye ni vivyo hivyo. Wengi wetu mmewaona mafundi wa kile chama cha ushirika cha wachongaji pale Malindi. Muhugu wa msitu ulipokuwa ukiadimika, mafundi wengi wa pwani walijifunza kuchonga mwarobaini, mti wa shamba. Mtambo waweza kumwonyesha mteja twiga wa mtindo mpya. Lakini haujui kwamba gogo hili lina fundo ubavuni, na kwamba mwarobaini usipokauka vizuri utapasuka mnyama akiwa amekwisha pakiwa kwenda Italia. Picha ina upande mmoja. Kinyago kinazungukwa.

Kwa hiyo twasema wazi: mtambo huu ni msaidizi mwema. Mchora vibao aweza kumwonyesha mwenye duka namna tano kabla hajafungua kopo la rangi, na rangi haipotei. Kijana asiye na mwalimu aweza kuona namna nyingi za kupanga nakshi. Fundi anayeukataa kabisa ajitilia kamba mguuni. Tunalolikataa ni jingine. Tunakataa mteja anayekuja na picha ndani ya simu na kusema: “Kuchora kumekwisha, nitakulipa nusu.” Ndugu, kuchora hakukwisha. Kuchagua ni kazi. Kutupa kumi na tisa na kubakiza mmoja ni kazi. Kurekebisha ni kazi, na kujua sababu ya kurekebisha ni kazi ya miaka. Atakayelipia mkono peke yake, akaacha kulipia jicho, amekula jasho la mtu.

SHERIA INASEMA NINI

Hapa tuombe masikio yote, maana ndipo penye hatari.

Marekani, mwaka 2022, bwana mmoja aitwaye Jason Allen alishinda zawadi katika maonyesho ya jimbo la Colorado kwa picha aliyoitengeneza kwa Midjourney. Alisema aliandika na kubadili maagizo si chini ya mara 624. Alipoomba hakimiliki, ofisi ya Marekani ikamkatalia mwezi wa Septemba 2023, ikisema sehemu iliyochorwa na mtambo haikutungwa na mtu, na yeye hakukubali kuitenga. Huko, basi, mtu anayetegemea mtambo peke yake aweza kubaki mikono mitupu.

Kenya tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, nayo yasema namna nyingine. Kazi ya sanaa iliyotengenezwa na kompyuta, mtungaji wake ni yule mtu aliyefanya matayarisho yaliyohitajiwa ili kazi ile ipatikane. Maneno hayo ni mazuri, lakini yana mlango wazi. Nani aliyefanya matayarisho? Fundi aliyeuliza, akaandika, akachagua? Au mwenye duka aliyenunua kompyuta na kulipia programu? Kila mmoja atasema ni yeye.

Tena sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachosema kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, au iliyoagizwa na mtu kwa mapatano, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa kama yako mapatano yanayozuia. Sikilizeni vizuri maneno ya mwisho: isipokuwa kama yako mapatano. Maana yake, ukinyamaza, umekwisha toa. Ukiandika karatasi moja kabla ya kuanza kazi, umejilinda. Fundi wetu anapenda kupatana kwa mdomo, barazani, kwa kahawa. Hiyo ni heshima yetu, nasi hatuitupi. Ila baada ya kahawa iletwe kalamu.

Na kwa vitu vya mila iko sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Yataka idhini ya jamii kabla ya mtu wa nje kuzitumia, na jamii ipate fungu lake. Kwa hiyo nakshi za kigango si za kutiwa katika simu na kupigwa chapa juu ya fulana za watalii, awe ni mgeni anayefanya, au mtoto wetu wenyewe. Wazee waulizwe kwanza.

WENZETU WALIFANYAJE

Ndugu wafanyi kazi, hatuko peke yetu. Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wa michezo ya sinema na televisheni wa Marekani, wanachama wapatao 11,500, waligoma. Walikaa nje siku 148. Mambo yao yalikuwa mengi, na moja lilikuwa mtambo huu. Waliporudi kazini walikuwa na mapatano: maandishi ya mtambo hayatahesabiwa kuwa kazi ya mwandishi ili kumpunguzia haki yake, kampuni haitamlazimisha mwandishi kutumia mtambo, mwandishi akitaka kuutumia, aweza kwa ridhaa ya kampuni, na akipewa maandishi yaliyotoka kwa mtambo, lazima aambiwe. Tazameni, hawakusema mtambo uvunjwe. Walisema usimame mahali pake.

Na karibu zaidi, Nairobi. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliosoma na kupanga maneno machafu na ya kutisha, ili mtambo wa ChatGPT ujifunze kuyaepuka. Gazeti likasema malipo yao yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa hiyo mtu akikwambia mtambo hufanya kazi wenyewe, mwambie kuna vijana wetu ndani yake. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyi Kazi, zaidi ya watu 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hao ni ndugu zetu, ijapokuwa karakana yao haina nyundo.

Nasi wa reli tuna letu. Mwaka 1955 na 1956 Reli ya Afrika Mashariki ilipokea injini za mvuke 34 za aina ya 59, zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock. Zilipewa majina ya milima, na mmoja wao, Mount Gelai, yuko hata leo katika makumbusho ya reli Nairobi. Ndani ya injini ile walikuwamo dereva na faimani, na moto ulikuwa kazi ya faimani. Kisha dizeli ikaja. Dizeli haina moto wa kuchochea. Swali likawa: faimani afundishwe kazi mpya, au apewe barua arudi kwao? Injini haikuwa na jibu la swali hilo. Jibu lilitegemea watu waliokaa mezani, na kama mfanyi kazi alikuwa na kiti pale.

Na kiti hicho hakikuja bure. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyi kazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandari, wa reli na wa majumbani, waliweka kazi chini kwa pamoja. Chege Kibachia aliyewaongoza alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa mbali. Hao walitutengenezea njia. Ingekuwa aibu sisi tushindwe kuandika karatasi moja.

MASHARTI TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twauletea mkutano masharti haya yazungumzwe, yarekebishwe, kisha yawe ya kila fundi na kila kikundi:

1. Kabla ya kazi kuanza, iandikwe nani anaagiza, nani anafanya, na hakimiliki itakuwa ya nani.

2. Ijulikane wazi ni sehemu gani imechorwa na mtambo na ni sehemu gani imefanywa na mtu. Mteja asidanganywe, na fundi asidanganywe.

3. Malipo yahesabiwe kwa kazi nzima: kuuliza, kuagiza, kuchagua, kurekebisha na kumaliza. Bei isikatwe kwa sababu rasimu ilitoka katika simu.

4. Jina la fundi litiwe katika kazi, hata likiwa dogo pindoni au chini ya kinyago.

5. Fundi asilazimishwe kutumia mtambo, wala asidharauliwe kwa kuutumia.

6. Michoro na picha za kazi ya fundi zisitumiwe kufundishia mtambo bila idhini yake na malipo yake. Nakshi za mila ziende kwa wazee kwanza.

7. Kila fundi aweke daftari. Apige picha kazi yake tangu rasimu ya kwanza mpaka mwisho, aandike tarehe, ahifadhi na maagizo aliyouandikia mtambo. Huyo ndiye yule shahidi wa Mzee Mwakiru. Siku ya ugomvi hatasema mdomo, itasema picha.

8. Wanaojua wawafundishe wasiojua. Vijana wenye simu waketi na wazee wenye patasi, kila mmoja ampe mwenziwe alicho nacho. Mzee ajifunze kuandika maagizo. Kijana ajifunze kujua mti ulio mbichi.

Hayo manane si mengi. Yaingia katika upande mmoja wa karatasi, na karatasi hiyo yaweza kupigwa chapa hapa chamani kwa bei ndogo, kila fundi achukue nakala na kuibandika ukutani mwa kibanda chake. Mteja akiingia aione kabla hajafungua kinywa. Na mteja akimkataa fundi mmoja kwa sababu ya masharti, asimkute wa pili barabarani anayesubiri kuyavunja. Hapo ndipo penye kazi ya chama. Karatasi ya mtu mmoja ni ombi. Karatasi ya watu mia tatu ni bei ya soko.

Ndugu zetu, mtambo huu hautaondoka, wala hatuna haja uondoke. Uchore, upanguse vumbi lake, utuletee michoro ishirini kwa saa. Sisi tutazame, tutupe, tuchague, tuseme jina la leso, na chini yake tutie sahihi. Twaomba Katibu ayaandike masharti haya, na mkutano ujao kila kikundi kilete majina ya mafundi wake walio tayari kuyafuata. Watu wa reli tutaleta majina ya wake zetu, watoto wetu na mashemeji zetu, wala hatutakuwa wa mwisho.

Umoja ni nguvu.